Chungu Kilichoacha Kutoa Jasho

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mke wa kwanza wa marehemu askari polisi, Mwislamu wa kutoka kaskazini, niliyesoma hadi darasa la nne na Kiswahili nikakiokota kambini kwa polisi. Mke mwenzangu, wa pili, Mkristo kutoka Kenya, ambaye marehemu alimkuta soko la Kikuubo, Kampala, akiuza vitenge. Mjukuu wetu, ambaye kwa damu ni wa mke mwenzangu, mtoto wa binti yake, lakini kwa mgongo ni wangu, maana mama yake alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi ni mimi niliyembeba. Wa nne ni mke wa mwenye nyumba. Huyu hatukuwa na undugu naye wowote ila ukuta mmoja.

Majina yao yote ninayo. Nina jina la muuza vyungu, la muuguzi, la mgonjwa wa kitanda cha jirani na la binti yake aliyekuwa akimletea uji. Sitayaandika. Jina likiandikwa kwenye kosa halifutiki, na katika habari hii tayari kuna mtu mmoja aliyejiandika mahali pasipo pake. Mjukuu wangu anaamini kwamba jaribio lake lilimuua bibi yake. Si kweli. Ninaandika ili nimtoe hapo, kama bado anaweza kutoka.

Marehemu alipokuwa hai, mimi na mke mwenzangu tuligombana kuhusu kila kitu, kuanzia nyama hadi kamba ya kuanikia nguo. Alipokufa tukaambiwa tuondoke kambini, na siku ya kufunga mizigo tukagundua kwamba hakuna tena cha kugombania. Tulipanga vyumba viwili Bukoto, chini ya maghorofa, katika nyumba moja ya mstari wa vyumba vya bati. Yeye aliniita Mkubwa, mimi nikamwita Mdogo, hata mbele ya watu. Wageni walidhani tumezaliwa pamoja. Hatukuwakatalia.

Mdogo alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga sindano kila siku. Dawa ile haitaki joto. Miaka yote tuliiweka dukani pale kwenye kona, ndani ya friji ya soda, kwenye kopo lenye alama ya msalaba aliyoichora mwenyewe kwa rangi ya kucha. Kisha duka likabomolewa ili pajengwe maghorofa mengine, friji ikapakiwa kwenye gari, na Mdogo akarudi nyumbani ameshika kopo lake kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asijue wa kumpa.

Chumba chetu ni cha bati. Mchana ukiingia humo unahisi umefunikwa sufuria.

Mjukuu wakati huo alikuwa msichana wa senior two, yaani kidato cha pili, na alikuwa mtoto wa kujaribu. Alichoma maganda ya matoke akatengeneza sabuni ya majivu, nikafulia, ikanibabua vidole. Aliotesha maharagwe ndani ya sanduku langu la nguo aone mche utaelekea wapi gizani. Aliloweka mfupa wa kuku ndani ya siki mpaka ukapinda kama mpira, akatuletea tukiwa tunakula.

"Nyanya, pinda uone," alimwambia Mdogo. Huyo alimwita nyanya, kwa Kikenya. Mimi aliniita jaja, kama watoto wote wa Kampala.

"Toa hapa," Mdogo akasema. "Ukimaliza kuku utaanza kuloweka sisi."

"Nyinyi mmeshapinda wenyewe."

Tulicheka, na mimi nikamtupia kitambaa cha meza. Nayataja haya ili msidhani nyumba yetu ilikuwa ya huzuni tangu mwanzo.

Siku mbili baada ya duka kubomolewa alirudi kutoka shuleni na habari. Mwalimu wao wa sayansi amewaambia kila mmoja atafute mradi, na yeye ameupata. Unachukua chungu kikubwa, ndani yake unaweka kidogo, katikati unajaza mchanga. Mchanga unaumwagia maji asubuhi na jioni, juu unafunika kitambaa kibichi. Ndani ya chungu kidogo panakuwa baridi bila umeme.

"Baridi inatoka wapi?" nilimuuliza.

"Haitoki mahali, jaja. Ni joto ndilo linaloondoka. Maji yanapita kwenye udongo, yanafika nje, yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto."

Nilikwenda mwenyewe sokoni kuchagua vyungu, kwa sababu katika mambo ya vyungu sikubali mtu anichagulie. Nilivigonga kwa kidole, nikasikiliza. Vilikuwa vyungu vya kupikia, vya mdomo mpana, vimechomwa vizuri.

Kipimajoto aliazima shuleni kwa wiki moja. Alikifunga uzi, akakitumbukiza, akawa anakitoa kila baada ya muda na kuandika kwenye daftari lenye mistari aliyoichora kwa rula: joto la chumbani upande huu, joto la chunguni upande ule. Siku ya tatu alipiga kelele mpaka mke wa mwenye nyumba akatokea mlangoni.

"Nyanya, tia mkono! Tia mkono!"

Mdogo alitia mkono ndani ya chungu kidogo. Aliuacha humo muda mrefu.

"Kama kisima cha kwetu," akasema.

Siku hiyohiyo dawa iliingia chunguni. Wiki ilipokwisha kipimajoto kikarudi shuleni, na daftari likapata alama ambazo mtoto alizibandika ukutani. Kazi ikabaki kumwaga maji tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Chungu kikubwa kilikuwa kinatoa maji. Si mengi. Asubuhi ukikipapasa kimelowa kama mgongo wa mtu mwenye homa, na chini yake kwenye saruji kuna duara la unyevu. Mke wa mwenye nyumba aliliona hilo duara siku ya kwanza, akaliona siku ya pili, siku ya tatu akaita na jirani.

"Bannange, jamani," alisema kwa Kiswahili chake, "chungu ya mama inakojoa. Itaharibu sakafu yangu."

Mdogo, ambaye hakuwahi kuacha nafasi ya kunitania ipite, akadakia kutoka kitandani: "Mkubwa, wewe si ulijisifu unajua vyungu? Umetununulia kikojozi."

Wakacheka wote. Nilicheka pia, lakini ilinichoma. Kwetu, mwanamke aliyenunua chungu kinachovuja husemwa mpaka msibani. Na kila mwanamke wa kwetu anajua dawa yake. Chungu kipya cha kupikia hakitumiwi kibichi. Unakipaka mafuta ya simsim ndani na nje, unakiinjika motoni, unapika ndani yake uji mzito wa muhogo mpaka ushike kwenye kuta zake, unakipaka mafuta tena kikiwa cha moto, unakifukiza moshi. Vitundu vyote vya udongo vinazibika. Chungu hicho hata ukikijaza maji siku tatu hakitoi tone.

Nilimwambia mtoto: "Hiki chungu kinavuja. Nitakitengeneza."

"Hakivuji, jaja. Ni jasho. Jasho ndilo linalobeba joto. Kiache."

Nilimsikia. Hilo naliandika wazi, asije mtu akanitetea kwa uzee: nilimsikia. Na kwenye kona ya chumba hichohicho palikuwa na mtungi wangu wa maji ya kunywa, ambao hutoa jasho na ndiyo maana maji yake ni baridi, jambo ambalo nilifundishwa kabla sijaota meno ya pili. Lakini mtungi ni mtungi, na chungu ni chungu. Macho yangu yaliona chombo cha kupikia kilichoharibika na wanawake wanaonicheka. Mtoto wa miaka kumi na minne angenifundisha nini kuhusu udongo?

Ilikuwa Jumanne, mtoto yuko shuleni. Nilitoa dawa, nikaifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaiweka ndani ya beseni. Nikatoa chungu kidogo, nikachota mchanga wote, nikasafisha chungu kikubwa na kukianika. Nikawasha sigiri nje, kwenye kibaraza. Mafuta ya simsim yaliyoungua hunukia mbali. Mke wa mwenye nyumba alitoa kichwa dirishani akauliza tunakaanga nini leo. Nikamwambia nakaanga aibu uliyonipa. Akacheka, akarudi ndani.

Mdogo alivuta kiti mlangoni akanitazama nikifanya kazi. Nilipopaka mafuta ya mara ya mwisho chungu kilikuwa cheusi, kinang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

"Sasa kimepata adabu," alisema.

Mtoto aliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake, mchanga umelowa, kitambaa juu, na chungu chenyewe nilikuwa nimekizungushia gunia, ati kipendeze. Baada ya siku mbili tatu alipapasa chini, saruji imekauka.

"Jaja, mbona chungu kimeacha kutoa jasho?"

"Kimepona," nikamjibu.

Alinitazama kidogo. Lakini ulikuwa wakati wa mitihani. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mambo mengine, na hapakuwa na kipimajoto tena. Aliendelea kumwaga maji asubuhi na jioni. Mchanga ulikuwa kama tope, na tope likawa vuguvugu.

Wiki zilipita. Mdogo akaanza kiu. Alikunywa kutoka mtungini, anarudi kitandani, anainuka tena. Aliniambia, "Mkubwa, leo nimekuwa kama jerikani iliyotoboka." Nikamwambia ni jua. Macho yake yakaanza kuona ukungu, nikamwambia ni moshi wa sigiri. Alijidunga sindano zake vilevile, kwa saa zilezile, na kila sindano alikuwa anajidunga maji tu, au karibu na maji. Adhuhuri moja nilimwita ale, hakujibu. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Mke wa mwenye nyumba alituitia gari. Mtoto alitukuta hospitali akiwa bado na sare ya shule. Muuguzi, mwanamke mpole aliyechoka, alitazama chupa ya dawa kwenye mwanga, akauliza inawekwa wapi. Mtoto akaeleza. Akaeleza vizuri, kama anavyoeleza mbele ya darasa: mchanga, maji, joto linavyoondoka. Muuguzi akasikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyetengeneza?"

"Ndiyo, mimi."

"Mwanangu," akasema, "dawa hii imeharibiwa na joto. Mtu si kitu cha kujaribia."

Hakusema kwa ukali. Laiti angekuwa mkali, labda mtoto angebisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mkoba wa Mdogo mkononi, na ndipo nilipouona mtungi. Sina namna nyingine ya kueleza. Niliuona mtungi wangu kwenye kona, umelowa, na maji yake baridi, kisha nikaona kile chungu cheusi kinachong'aa, na nikajua. Ulimi wangu ulikuwa kinywani. Sikuutumia.

Siku ya nne Mdogo alifumbua macho. Mtoto alikuwa amelala kwenye sakafu, kichwa juu ya kandambili zake, amelia mpaka uso umevimba. Mdogo alimtazama yeye, akanitazama mimi. Tulikaa kwenye nyumba moja na mwanamume mmoja miaka mingi. Hakuna uso aliousoma vizuri kuliko wangu.

"Mafuta," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mkubwa. Mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

"Nitamwambia, Mdogo. Pumzika."

Hakusema mwenyewe. Nimewaza sana kwa nini. Nadhani aliniachia heshima yangu, kama mtu anavyokuachia kiti ukalie, na mimi nikakitumia kiti hicho kujificha nyuma yake.

Alirudi nyumbani lakini hakurudi. Mguu ulipata kidonda kisichofunga, na kabla mvua hazijaisha alifariki. Ndugu zake walimpeleka kwao Kenya kumzika, mtoto akaenda nao kwenye basi. Mimi magoti yalinikatalia safari. Siku waliyoondoka nilitoa kile chungu kikubwa nje, nikakipiga kwa mchi mpaka kikawa vigae, nikavikusanya na kuvimwaga mtaroni. Mtoto aliporudi aliuliza kiko wapi. Nikasema kilianguka.

"Bora," akasema.

Tangu siku ile hajajaribu kitu. Daftari la mistari alilitupa. Nililiokota kwenye takataka, na ndilo hili ninaloandikia, kurasa zilizobaki. Maksi zake alizibandua ukutani. Mwalimu wa sayansi alikuja mpaka nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Mdogo, akamsihi. Mtoto alimwandalia chai, akamsikiliza, na mwaka huu alipomaliza senior four akajaza fomu ya masomo ya mbele bila sayansi hata moja. Nilipoiona fomu ile mezani ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Miaka miwili imepita. Nikamketisha, nikamweleza yote: Jumanne, beseni, mafuta ya simsim, uji wa muhogo, gunia.

Alinisikiliza ameshika mkono wangu. Kisha akatabasamu, tabasamu la huruma ambalo mtu humpa mtoto aliyemletea ua la plastiki.

"Jaja wangu, unanipenda sana. Lakini usinitungie."

"Situngi. Nyanya yako alijua. Alisema mafuta."

"Nyanya hayupo."

"Mimi nakumbuka kila kitu! Nakumbuka jina la kila mgonjwa wa wodi ile." Na nikamtajia, kitanda kwa kitanda, wote kumi na wawili, na waliowauguza.

"Majina unayakumbuka, jaja," akasema taratibu. "Mambo ndiyo unayoyapanga upendavyo. Juzi ulitia chumvi mara mbili ukasema hujatia hata mara moja."

Ni kweli kuhusu chumvi.

Nikafanya nilichoweza. Nilirudi sokoni na magoti yangu haya, nikanunua vyungu vinne, vikubwa viwili na vidogo viwili. Kikubwa kimoja nikakiacha kibichi. Cha pili nikakipaka mafuta, nikakipika uji, nikakifukiza, sawasawa na siku ile. Nikajaza mchanga, nikamwaga maji kipimo kilekile, kikombe kwa kikombe, nikaviweka kibarazani bega kwa bega. Sina kipimajoto, nina mkono. Siku ya pili kimoja kilikuwa kisima na kingine kilikuwa tumbo la kuku anayeatamia. Sijawahi kufanya jaribio katika maisha yangu, na la kwanza likanipa jibu nililokuwa nalijua.

Nilimwita. Aliinama, akatia mkono huku, akatia mkono kule. Alikaa hivyo, mikono yote miwili ndani ya vyungu, na kwa muda mfupi niliona uso wake wa zamani, ule wa mfupa wa kuku. Akanusa mafuta. Akapapasa saruji chini, mahali palipolowa na mahali pakavu. Kisha akasimama, akajifuta kwenye sketi.

"Umefanya vizuri, jaja. Umebadilisha kitu kimoja tu, mengine yote sawa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Akakitazama tena kile cheusi. "Lakini hii inaonyesha vyungu vya leo. Haionyeshi chungu cha siku ile. Chungu cha siku ile kiko wapi?"

Kiko mtaroni. Nilikivunja mwenyewe, na kwa mchi wa nyumba hii.

Fomu ameshaipeleka. Vyungu bado viko kibarazani. Kile kibichi ananisaidia kukimwagia maji akipita, haniulizi kwa nini, na ndani yake, penye baridi, tunaweka nyanya na sukumawiki.

Basi, mnaosoma, mimi ni mzee na shule yangu ilikuwa ndogo. Huenda haikuwa Jumanne. Huenda gunia lilikuwa kanga, na wagonjwa wa wodi walikuwa kumi na mmoja. Mke wa mwenye nyumba alihamia Katwe mwaka jana. Kama habari hii itamfikia, na anakumbuka harufu aliyoiulizia dirishani, aje amwambie mtoto. Na kama yeye au mtu mwingine yeyote aliona siku ile kwamba chungu sikukigusa, na mafuta hayakuwepo, basi aje anisahihishe mimi. Sitakasirika. Ningependa sana kuambiwa kwamba nimesahau.